Maji Yasiyoitwa Mafuriko

Mheshimiwa Mgeni Rasmi. Mheshimiwa Katibu Mkuu wa Wizara ya Maji. Waheshimiwa Wenyeviti wa Halmashauri zetu mbili, ya Mashariki na ya Magharibi. Kwa kuwa lazima mmoja atangulie kutajwa, nilikusudia kufuata alfabeti ili nisimuudhi mtu, na sasa hivi, nikiwa nimeshasema, naona kwamba kwa alfabeti Magharibi ndiyo ilitakiwa itangulie. Naomba radhi kwa Mheshimiwa wa Magharibi. Ndugu wanasheria, ndugu wahandisi, watumishi wa Ofisi ya Uandishi wa Sheria, familia ya mama yetu anayestaafu leo, wageni waalikwa, mabibi na mabwana. Mshereheshaji aliniambia kwamba nikichanganyikiwa niseme itifaki imezingatiwa. Nimechanganyikiwa. Itifaki imezingatiwa.

Mimi ni mlinzi wa lango la maji, pale mto unapogawanyika juu ya mji. Kazini wananiita Komeo, na jina hilo limenikaa kiasi kwamba hata mke wangu hulitumia akiwa amekasirika. Waliotangulia kusimama hapa ni jaji mstaafu na mkurugenzi wa sheria, na wote wawili wamemsifu mama huyu kwa maneno mazito ambayo mimi nimeyaelewa nusu. Alipoulizwa nani azungumze kwa upande wa wananchi, aliandika kwa mkono wake: mlinzi wa lango. Barua iliponifikia nilidhani imekosea anwani. Nikampigia simu. Nikamuuliza, "Mama, unataka nije kukusifu au kukushitaki?" Akasema, "Sema kilichotokea, kwa mpangilio." Sasa, ndugu zangu, mpangilio ndio unaonishinda. Nimeandika karatasi hii mara nne, na kila mara mwanzo unaangukia mahali tofauti.

Ofisini kwake wanamwita Mama Fasili. Fasili, kwa wale ambao kama mimi walidhani ni ugonjwa wa ngozi, ni yale maelezo yanayowekwa mwanzoni mwa sheria kueleza kila neno litachukuliwa kuwa na maana gani humo ndani. Kwa miaka thelathini na moja, kazi yake imekuwa hiyo. Watu wengine wanaandika sheria inayosema fanya na usifanye. Yeye anaandika kwamba mto ni nini, ukingo ni nini, na mtu ni nani. Mnaweza kuona ni kazi ndogo. Hata mimi niliona hivyo, mpaka siku ambayo neno moja lilinikosesha usingizi na neno jingine likamkosesha dada yangu nyumba.

Wengi wenu mnaifahamu Sheria ya Ushirikiano wa Serikali katika Miradi ya Kudhibiti Mafuriko. Kwa wasioifahamu, nitaieleza kama ninavyoijua mimi, na wanasheria wanisamehe. Serikali kuu inajenga lango, kingo na mifereji. Halmashauri zinaendesha na kutunza. Katika sheria, halmashauri inayokubali kazi hiyo inaitwa mshirika. Mtu anayeligusa lango anaitwa mwendeshaji, naye lazima awe ameteuliwa na mshirika. Kazi yote kwa jumla inaitwa mradi. Maneno hayo yote yamo katika kifungu cha pili, ndani ya kijitabu cha kijani. Nakala yangu nilikuwa nimeitundika kwenye msumari ndani ya kibanda, ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu paa lilikuwa linavuja.

Lango letu liko mpakani. Likiwa wazi, maji hushuka na mto wake wa kawaida na kupita nyuma ya hospitali, upande wa Mashariki. Likifungwa, maji husukumwa kwenye mchepuko, yaani mfereji uliochimbwa kuyapeleka Magharibi na kuyamwaga bondeni kusikokaa mtu. Huo ndio ulikuwa mpango. Lakini mchepuko ulichimbwa mpaka darajani ukaishia hapo. Zilibaki mita mia sita. Wizara ilisema mradi unaishia darajani. Magharibi walisema mradi unaishia pale maji yanapoishia. Walibishana kwa miaka, kwa barua zenye mihuri mizuri sana, na wakati wote huo mfereji ulikuwa umeelekeza mdomo wake kwenye mtaa wa washonaji, nyumba arobaini na moja, kama bomba ambalo mtu ameliacha juu ya kitanda cha mwenziwe.

Katika mtaa huo alikuwa akiishi dada yangu mkubwa. Mama yetu alipofariki nilikuwa na miaka sita. Dada ndiye aliyenilea, na ndiye aliyerithi chumba cha mama cha kushonea, na cherehani yake, na zile karatasi za kaki alizochorea vipimo vya magauni. Kila karatasi ilikuwa na jina la mwanamke pembeni. Nusu ya wanawake wa mji huu waliolewa wakiwa wamevaa nguo zilizotoka katika karatasi zile.

Siku yenyewe ilikuwa ya kazi, saa nane mchana. Huko juu mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Pale langoni kuna nguzo ya vipimo yenye mstari mwekundu, na maji yalikuwa yamebakiza shubiri mbili kuufikia. Nikapiga simu Halmashauri ya Magharibi nikaomba maelekezo.

Ofisa akaniuliza, "Wewe umeajiriwa na nani?"

"Na Wizara, lakini nilihamishiwa huku."

"Na barua yako inasema wewe ni mwendeshaji?"

"Inasema mimi ni mhudumu."

"Basi hatuwezi kukuelekeza. Mwendeshaji anateuliwa na mshirika, na kwa upande wa lango mshirika ni Mashariki."

Nikapiga Mashariki. Yule wa huko alikuwa mpole sana. Akaniambia, "Kaka, mshirika ni yule ambaye maji yanaelekezwa kwake. Ukifunga, yanaelekezwa wapi?"

Nikasema, "Magharibi."

Akasema, "Umejijibu mwenyewe."

Nikapiga Wizarani. Wakaniambia nisome kifungu cha pili. Nikawaambia ninacho mkononi. Wakasema, "Haya, kinasemaje?" Nikasoma kwa sauti, nimesimama mlangoni, maji yakiwa yameanza kuingia kwenye viatu vyangu: mshirika ni chombo cha umma kilichoundwa kisheria, chenye uwezo na utayari wa kutekeleza masharti ya makubaliano.

"Sasa kati yao, nani yuko tayari?"

"Hakuna."

"Basi subiri."

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mtu anayasubirije maji? Nauliza kwa heshima, kwa sababu hadi leo sijapata jibu. Wote niliozungumza nao walikuwa watu wazuri. Hakuna aliyenijibu vibaya. Kila mmoja alikuwa ameshika kijitabu kilekile cha kijani, na kila mmoja alikuwa anasoma sawasawa. Ningekutana na mjinga mmoja katika simu zile tatu ningeona nafuu, maana ningejua pa kumwekea lawama.

Nyuma yangu ilikuwa hospitali. Wodi ya wazazi iko chini, usawa wa mto, na asubuhi ile nilipopita kulikuwa na kina mama kumi na tisa. Mbele yangu ulikuwa mchepuko, na mwisho wa mchepuko dada yangu. Nikampigia.

"Shikamoo dada. Tokeni nje. Waambie na majirani."

"Marahaba. Maji yamefika?"

"Bado. Nitayaleta mimi."

Nilisikia cherehani ikisimama. Hakuniuliza kwa nini. Dada yangu hajawahi kuniuliza swali ambalo jibu lake analijua. Alisema tu, "Nipe dakika ishirini."

Nikasema, "Sawa."

Naomba mnisikie vizuri hapo. Nilisema sawa.

Dakika ya kumi na mbili mstari mwekundu ulizama. Niliugusa kwa kijiti nikitumaini kwamba naona vibaya, lakini haukuwepo. Nikaushika usukani wa lango nikaanza kuzungusha. Ni mizunguko sitini na minne, na mikono ilikuwa inateleza. Nilipomaliza, mto ulitulia nyuma ya hospitali kama vile hakuna kilichokuwa kinaendelea, na mchepuko ukaanza kunguruma.

Hakuna aliyekufa. Nalisema mapema kwa sababu naona nyuso zenu. Dada alipita mlango kwa mlango akawatoa watu wote wa mtaa ule, wazee, watoto, mgonjwa mmoja aliyebebwa juu ya meza ya kukatia nguo. Kisha akarudi kwake. Maji yalimkuta kizingitini, cherehani ikiwa kiunoni kama mtoto na karatasi za mama kwapani. Alichagua kuwa hai. Cherehani ilizama palepale, na karatasi zikaelea mbele ya macho yake mpaka barabarani, moja moja, na majina ya watu juu yake.

Baada ya wiki ikaja kamati ya tathmini. Kiongozi wao alikuwa kijana mstaarabu mwenye jalada. Alikuwa anaandikisha waathirika wa mafuriko, ili wapewe mahema, na baadaye viwanja kwenye ardhi ya juu. Alipofika kwa dada akamuuliza chanzo cha maji. Dada akasema mto. Akauliza, "Mto ulivunja kingo?" Dada akasema hapana, lango lilifungwa. Yule kijana akafungua kijitabu, akasoma, akafunga jalada taratibu.

"Mama, pole sana. Lakini haya si mafuriko. Mafuriko ni maji yanayozidi kingo za mto kwa sababu za asili. Haya yameletwa na mtu."

Dada alikuwa amesimama kwenye tope lililomfika katikati ya muundi. Akamuuliza, "Sasa ni nini?"

"Kwa kweli sijui, mama. Kitabu hakisemi."

Hivyo ndivyo nyumba arobaini na moja zilivyolowa bila mafuriko. Watu wa mitaa mingine, ambao maji yaliwapitia kidogo tu kutoka vijito vya mvua, waliandikishwa. Mtaa wa washonaji haukuandikishwa. Na niseme wazi: kama ningekaa kibandani nikasubiri kama nilivyoambiwa, hospitali ingezama, lakini yangekuwa mafuriko halali kabisa.

Dada akahamia kwangu. Nina vyumba viwili. Alilala na binti zangu kwa karibu miaka mitatu. Kila asubuhi nilimwambia shikamoo dada, naye kila asubuhi akaniambia marahaba, na hapo mazungumzo yetu yakaishia. Alipika, alicheka na mke wangu, aliwafundisha binti zangu kutia uzi kwenye sindano. Kwangu mimi ilikuwa marahaba. Hakuwahi kutaja zile dakika nane. Wala mimi sikuzitaja. Zilikuwa zinakaa mezani na sisi.

Kisha nikaitwa kwenye tume ya uchunguzi. Chumba kile baadhi yenu mnakijua, kile chenye feni inayotikisa karatasi za kila mtu. Swali lilikuwa moja. Je, siku ile ulikuwa mwendeshaji? Wakili wa Magharibi alitaka niseme ndiyo, ili Mashariki wabebe mzigo. Wakili wa Mashariki alitaka niseme hapana, ili niwe mtu binafsi aliyechezea mali ya umma. Nikisema ndiyo, namtaja mshirika ambaye amesema yeye si mshirika. Nikisema hapana, nimejifunga jela kwa mdomo wangu. Nilikunywa maji. Nikaomba swali lirudiwe. Likarudiwa, na halikuwa limebadilika.

Kwenye kona alikaa mama mmoja mwembamba mwenye penseli aliyoichomeka kwenye nywele na nyingine mkononi. Nilidhani ni karani. Akamwomba mwenyekiti ruhusa, akanigeukia.

"Siku ile, ulipoushika ule usukani, wewe mwenyewe ulijiita nani?"

Nikafikiri. Nikasema, "Sikujiita, mama. Nilikuwa mtu aliyekuwepo."

Akaandika. Mawakili walicheka kidogo, yeye hakucheka.

Juma lililofuata alikuja langoni akiwa na buti za mpira. Akauzungusha usukani kwa mikono yake mpaka mzunguko wa ishirini akachoka, akakaa chini akihema. Akaomba kumwona dada yangu. Nilimwambia dada yangu si mwepesi wa wageni. Akasema, "Hata mimi."

Walikutana nyumbani kwangu. Dada alikuwa anapindia shuka kwa mkono. Hakuinuka. Alimwambia, "Karibu. Wewe ndiye mwenye kitabu?"

"Mimi ni mmoja wa wanaokiandika."

"Nitafute humo. Mimi ni nani?"

Yule mama alikitoa kijitabu cha kijani kwenye mkoba. Alikuwa anakijua kwa moyo, angeweza kujibu bila kukifungua, lakini alikifungua, akapitisha kidole kutoka neno la kwanza mpaka la mwisho, maneno kumi na saba. Akakifunga.

"Haumo," akasema. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia, na ndilo linalonichanganya mpaka leo. "Na yale maneno, kwa sababu za asili, niliyaweka mimi. Miaka kumi na moja iliyopita, mchana mmoja. Watu wa mabomba walikuwa wanaleta madai kila bomba linapopasuka barabarani, wanayaita mafuriko. Nikaongeza maneno manne ili kuwazuia. Niliona nimefanya kazi nzuri. Nilikwenda nyumbani mapema siku ile."

Nilimtazama dada. Nilitegemea atamfukuza. Binti zangu nao waliacha walichokuwa wakifanya. Dada aliukata uzi kwa meno, akaitua shuka, akasema, "Basi kaa uandike tena."

Waheshimiwa, mngeniuliza wakati ule kama nampenda mama huyu au namchukia, nisingewajibu. Ndiye aliyemtoa dada yangu kwenye daftari kabla hata hajamwona, na ndiye pekee kati ya wote wenye mihuri aliyekuja kukaa kwenye kigoda changu na kusema, "Ni mimi." Nilitaka awe mmoja kati ya hao wawili. Nilitamani ningekuwa na fasili yake.

Kazi ya kuandika upya ilichukua miezi saba. Tuliitwa ofisini kwake, mimi na dada, kama mashahidi. Ni chumba chenye droo mpaka darini, na katika kila droo kuna neno. Sitanii. Kuna droo ya mto, ndani yake barua za watu waliowahi kugombania kama korongo lisilo na maji ni mto. Wahandisi walikuja, halmashauri zote mbili zikaja, Wizara ikaja. Mhandisi mmoja alisema mafuriko lazima yapimwe kwa kina. Dada akamuuliza, "Kina cha wapi? Cha mtaani au cha chumbani? Kwangu mlango una ngazi mbili." Yule mhandisi akafikiri, akafuta alichoandika. Kuna siku walibishana neno mahali kuanzia asubuhi mpaka chakula cha mchana, na waliporudi wakakuta kwamba tangu mwanzo walikuwa wanakubaliana. Mimi nilikuwa natoka pale kichwa kinavuma, nikiona mlango nauliza moyoni kama kweli ni mlango.

Mwishoni wakafikia fasili ambayo sasa ni sheria. Mafuriko ni maji yaliyoingia mahali pasipostahili, yawe yameletwa na mvua, na mto, au na mkono wa mtu aliyekuwa akizuia maji hayo yasiingie kwingine. Na mradi ukasemwa kwamba unaishia pale maji yake yanapoishia. Na mwendeshaji akawa ni yule aliyeteuliwa na mshirika yeyote, au, akikosekana, mtu aliyekuwepo.

Likabaki jambo moja. Sheria mpya ilitaka watu wapewe taarifa muda wa kutosha kabla lango halijafungwa. Mama Fasili akasema hawezi kuacha muda wa kutosha ukae hivihivi, kwa sababu kila mtu atausoma anavyotaka. Akanigeukia.

"Wewe ulikuwepo. Tuandike dakika ngapi?"

Chumba kizima kilinitazama. Dada alikuwa amekaa kiti cha tatu kutoka kwangu, anatazama mikono yake. Nikasema, "Ishirini." Nikarudia. "Andikeni ishirini. Nilimwahidi mtu ishirini, nikampa kumi na mbili."

Mama Fasili alikuwa ameshaweka penseli kwenye karatasi, dada akanyoosha mkono akaizuia.

"Andika kumi na mbili," akasema. "Watu wote, nyumba zote arobaini na moja, niliwatoa kwa kumi na mbili. Zile nane nilizitaka kwa ajili ya cherehani."

Kisha akanigeukia mimi, mara ya kwanza baada ya zaidi ya miaka miwili, na kuniambia kitu kisichokuwa marahaba. "Na ungesubiri zile nane, ningekuwa bado nimo ndani nakusanya karatasi."

Mama Fasili hakuandika kumi na mbili wala ishirini. Alitutazama sisi wawili, akasema anaomba mapumziko mafupi, akatoka na wageni wote akatuachia chumba. Tulichozungumza humo hakimo katika kumbukumbu za kikao, na leo sitakiweka. Sheria, mkiisoma, inasema kumi na tano. Sijui alizipata wapi. Nilipomuuliza alisema ni makadirio ya kitaalamu.

Mtaa wa washonaji uliandikishwa. Viwanja vya juu vilitolewa, nyumba zikajengwa, dada ana chumba chenye madirisha mawili na cherehani ambayo anailalamikia kila siku kwamba ni nyepesi mno. Wanawake walianza kumletea magauni yao ya zamani ya harusi, ayafumue, achore upya karatasi. Amefikia zaidi ya sitini.

Ningeweza kuishia hapo, na naona mshereheshaji angefurahi. Lakini niliambiwa niseme kilichotokea. Mvua za mwaka huu maji yalipanda tena. Safari hii wakaja langoni maofisa wawili mbio, mmoja wa Mashariki, mmoja wa Magharibi, kila mmoja na barua ya kumteua kuwa mwendeshaji. Pamoja nami, mtu aliyekuwepo kabla wao hawajafika, tukawa watatu, wote halali kwa mujibu wa sheria. Mara ile ya kwanza sikumpata hata mmoja, sasa tulikuwa tunakanyagana. Hatukuwa na muda wa kusoma kitabu. Tuliushika usukani wote watatu, tukatoa taarifa dakika kumi na tano, tukafunga. Mchepuko, ambao sasa umechimbwa mpaka mwisho, uliyapeleka maji bondeni kusikokaa mtu.

Siku mbili baadaye wakaja kibandani watu saba, wanaume kwa wanawake, miguu ina tope. Wanalima mboga huko bondeni. Hawakai huko, ni kweli, wanakwenda asubuhi na kurudi jioni. Bustani zao zimekwenda. Waliniuliza kama yale ni mafuriko. Nikafungua kijitabu, hiki kipya, cha bluu. Mahali pasipostahili. Nikajiuliza, bondeni maji yanastahili au hayastahili? Mfereji umechimbwa ili yaende huko. Na wao wako huko. Nilisoma mara tatu mbele yao. Nikawaambia, sijui.

Niliwapeleka kwa Mama Fasili. Alikuwa amebakiza siku kumi na moja kazini, na vitu vyake vilikuwa vimeshafungwa kwenye maboksi. Alifungua boksi moja, akatoa buti. Alikwenda bondeni siku tatu. Hakumaliza. Ameacha karatasi mbili na swali kwa atakayekalia kiti chake, na namwona hapo, ndugu yetu kijana mwenye tai, pole na hongera kwa wakati mmoja.

Kwa hiyo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, nimesimama hapa kumuaga mtu ambaye sijui nimuage kwa uso gani. Sheria yake ya kwanza ilituumiza na ya pili ilituponya, na sasa hiyo ya pili nayo, kama mlivyosikia, inaweza kuwa imewaumiza wengine. Nimejaribu kutafuta pa kusimama ili nione jambo hili limenyooka, sijapapata. Huenda ninyi mliosoma mnapajua.

Dada yangu yupo, mstari wa tatu, mwenye kitambaa cha kijivu. Asubuhi ya leo nilimsomea karatasi hii, nikamwambia, dada, mwisho umenishinda, nimshukuru au nimlaumu? Alikuwa anapiga pasi shati hili nililovaa. Akasema, "Mwambie kosa lake nimelisoma, na masahihisho yake nimeyasoma. Yote mawili ni ya mkono wake. Asiache hata moja ofisini, aende nayo yote nyumbani, na akifika apumzike."

Mama, ndivyo alivyosema, na mimi sina la kuongeza. Kwa masikio yenu mliyoniazima kwa muda mrefu kuliko nilioahidi, waheshimiwa na ndugu zangu wote, asanteni sana.